Mita 800, mita 1500 au kupanda hadi marathoni: njia tatu za binti wa mbio za masafa ya kati

Tarehe 24 Mei 2014, mjini Nassau nchini Bahamas, Wakenya wanne walipokezana kijiti, kila mmoja akikimbia mita 1500, wakamaliza kwa dakika 16:33.58, muda ambao wakati huo ulikuwa rekodi ya dunia. Mercy Cherono alifungua, Faith Kipyegon akapokea, Irene Jelagat akafuata na Hellen Obiri akafunga. Aliyewatazama siku ile asingeona tofauti kubwa kati ya Kipyegon, aliyekuwa na umri wa miaka 20, na Obiri, aliyekuwa na miaka 24. Wote wawili walikuwa wakimbiaji wa mita 1500, na mwaka uliotangulia walikuwa wamekutana katika fainali moja ya Mashindano ya Dunia mjini Moscow, Obiri akipata shaba na Kipyegon akiwa wa tano. Miaka 11 baadaye, mwezi Septemba 2025, Kipyegon alishinda tena mita 1500 za dunia mjini Tokyo, na ulipofika mwezi Novemba, Obiri akashinda marathoni ya New York.

Njia zao ziliachana kwa uamuzi, na uamuzi wa namna hiyo ndio unaowasumbua wazazi na walimu wa michezo kila mwaka. Binti ameshinda mita 800 na mita 1500 katika mashindano ya shule, pengine siku moja, na sasa kila mtu ana lake la kumshauri: huyu asema ana kasi, aachwe katika mita 800, yule asema pesa ziko barabarani, asipoteze muda uwanjani. Hapa ninazilinganisha njia hizo kwa kuyafuata maisha ya riadha ya wanawake watatu. Wa tatu ni Pamela Jelimo, aliyezaliwa tarehe 5 Desemba 1989, siku nane tu kabla ya Obiri. Natanguliza msimamo wangu: kwa mabinti wengi, mita 1500 ndiyo mahali pa kujengea msingi, kwa kuwa humwachia mkimbiaji mlango wa kushuka hadi mita 800 na mlango wa kupanda hadi masafa marefu zaidi. Wapo, hata hivyo, ambao ushauri huo utawapotezea miaka, nao nitawataja.

Tuanze na hesabu ya mzunguko, maana ndiyo inayotenganisha mbio hizi kuliko majina yake. Jelimo alipoweka rekodi ya Afrika ya mita 800 kwa dakika 1:54.01 mjini Zurich mwaka 2008, kila mita 400 zilimchukua wastani wa sekunde 57. Kipyegon alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3:48.68 mjini Eugene, Marekani, tarehe 5 Julai 2025, wastani wake ulikuwa sekunde 61. Siku ileile, katika uwanja uleule, Beatrice Chebet alikimbia mita 5000 kwa dakika 13:58.06, yaani sekunde 67 kwa kila mzunguko. Sekunde nne kati ya mbio ya kwanza na ya pili, sekunde sita kati ya ya pili na ya tatu: kwenye karatasi ni kidogo, lakini mwili hauzioni hivyo. Katika mita 800, takriban theluthi moja ya nguvu hutoka katika akiba ambayo misuli huitumia bila kungoja hewa, na ndiyo sababu miguu hukaza katika mita 100 za mwisho kana kwamba mtu anakimbia ndani ya maji. Katika mita 1500 mapafu na moyo hubeba zaidi ya robo tatu ya kazi yote, na katika mita 5000 hubeba karibu kazi nzima. Akiba ile ya kwanza hutegemea sana kasi ambayo mtu amezaliwa nayo. Uwezo wa mapafu na moyo hukuzwa kwa miaka ya mazoezi. Tofauti hii ikieleweka, nusu ya uamuzi imekwisha kufanyika.

Jelimo hakuwa mkimbiaji wa mita 1500 aliyeshuka, bali wa mita 400 aliyepanda. Mbio zake za kwanza kubwa za mita 800 alizikimbia mwaka 2008, na katika miezi michache alikuwa bingwa wa Afrika mjini Addis Ababa, kisha bingwa wa Olimpiki mjini Beijing kwa dakika 1:54.87, Mkenya wa kwanza mwanamke kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Siku chache baada ya Beijing alikimbia ile 1:54.01 ya Zurich. Alishinda mikutano yote sita ya Ligi ya Dhahabu, mfululizo wa mikutano mikubwa ya riadha wa wakati huo, msimu huo na kuondoka na zawadi nzima ya dola milioni 1, akiwa bado na umri wa miaka 18. Namna yake ya kukimbia haikuwa na hila: alishika uongozi mapema, akatanua hatua, na wengine wakabaki kutazama mgongo. Rekodi ile ya Afrika haijavunjwa.

Baada ya hapo mambo hayakuendelea vivyo hivyo. Mwaka 2009, katika Mashindano ya Dunia mjini Berlin, hakumaliza nusu-fainali yake. Alirudi mwaka 2012 na kushinda mita 800 za ukumbini mjini Istanbul, kisha akawa wa nne katika Olimpiki ya London, na medali ya mbio hizo ikamfikia miaka mingi baadaye kwa sababu waliomtangulia walinaswa na dawa za kuongeza nguvu. Si haki kumhukumu kwa hilo, na sitaki msomaji aelewe kwamba mita 800 humwangamiza kila anayezikimbia. Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa 2007 mjini Osaka, alidumu kwa miaka kadhaa akileta medali. Ninachosema ni kwamba mbio hizi hazimwachii mtu nafasi ya kujificha: kasi ikipungua kidogo tu, kwa jeraha au kwa kukosa msimu mmoja, hakuna ujuzi wa kupanga mbio utakaoifidia. Tena ushindani umepanda mno. Lilian Odira aliposhinda dhahabu ya dunia mjini Tokyo mwaka 2025 kwa dakika 1:54.62, aliyepata shaba naye alikimbia chini ya 1:55.

Kwa nani basi mita 800 ndizo sahihi? Kwa binti ambaye mita 400 ni nyumbani kwake. Mary Moraa, bingwa wa dunia wa 2023 mjini Budapest, alipata medali ya fedha ya mita 400 katika Mashindano ya Dunia ya chini ya miaka 18 yaliyofanyika Kasarani, Nairobi, mwaka 2017, kabla ya kupanda. Sababu yake ni hesabu tupu: fainali kubwa za sasa hupita kengele ya mzunguko wa mwisho, yaani mita 400 za kwanza, kwa sekunde 56 au hata chini yake. Mkimbiaji ambaye uwezo wake wote katika mita 400 ni sekunde 57 hawezi kufika kwenye kengele pamoja nao, achilia mbali kubakiwa na mzunguko mzima mbele yake. Kumwambia binti wa aina hiyo aongeze bidii ni kumchosha bure.

Sasa mita 1500. Kipyegon alikulia Keringet, katika Kaunti ya Nakuru, na alianza kujulikana kwa mbio za nyika. Mwaka 2011, mjini Punta Umbría nchini Hispania, alishinda mbio za nyika za dunia za vijana akiwa peku, miongoni mwa wasichana waliovaa spaiki, viatu vya mbio vyenye misumari. Mwaka huohuo alishinda mita 1500 za dunia za chini ya miaka 18 mjini Lille, mwaka uliofuata akashinda za chini ya miaka 20 mjini Barcelona, na mwaka 2013 akarudia ushindi wa nyika mjini Bydgoszcz, Poland. Mwalimu anayesoma haya na autazame mpangilio huo: nyika mwanzoni mwa mwaka, uwanja baadaye, kila kimoja kikilisha kingine. Mambo hayakuwa mteremko. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012, akiwa na miaka 18, alitolewa katika mchujo. Jelimo katika umri huo alikuwa na dhahabu ya Olimpiki na dola milioni. Kama tungewalinganisha siku ile, nani angemchagua Kipyegon?

Kilichofuata ni kupanda ngazi kwa ngazi. Dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow mwaka 2014, fedha ya dunia mjini Beijing mwaka 2015 nyuma ya Genzebe Dibaba wa Ethiopia, kisha dhahabu ya Olimpiki mjini Rio mwaka 2016, safari hii Dibaba akiwa nyuma yake. Fainali ya Rio inafaa kutazamwa tena na kila anayefundisha mbio hizi. Mizunguko ya mwanzo ilikwenda polepole mno kwa fainali ya Olimpiki, wote wamebanana kama abiria wa matatu ya jioni, mpaka Dibaba alipofyatuka kwa nguvu mbali na utepe. Kipyegon alimfuata, akamvumilia, akampita karibu na mwisho, na saa ikasoma dakika 4:08.92. Muda huo si wa kutisha hata kidogo; binti huyohuyo amewahi kukimbia sekunde 20 chini yake.

Hapo ndipo ulipo utajiri wa mita 1500. Mbio hizi zinaweza kuwa za kuviziana na kumalizwa kwa kasi ya mita 300, au zikawa za kuchoshana tangu hatua ya kwanza, na bingwa wa kweli lazima ashinde za namna zote mbili. Mjini Florence, tarehe 2 Juni 2023, Kipyegon aliwafuata waweka kasi, wakimbiaji wanaoongoza mwanzoni tu kisha hujitoa, hadi walipotoka, akabaki peke yake na saa, akaukimbia mzunguko wa mwisho kwa takriban sekunde 59 na kumaliza kwa dakika 3:49.11, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya 3:50. Siku saba baadaye, mjini Paris, alivunja rekodi ya dunia ya mita 5000 kwa dakika 14:05.20, na tarehe 21 Julai, mjini Monaco, akavunja ya maili kwa dakika 4:07.64. Ni rekodi tatu katika siku 49. Wapinzani wake pale Monaco walimkimbilia na kumkumbatia, jambo lisiloonekana kila siku baada ya mtu kukuacha nyuma. Wazee wanaomkumbuka Mtanzania Filbert Bayi akiongoza mita 1500 kuanzia mwanzo hadi mwisho mjini Christchurch mwaka 1974 wataitambua namna hiyo ya kukimbia, ya mtu asiyengoja ruhusa ya wenzake.

Uwezo wa kupanda huo ndio ninaoutaja ninaposema milango miwili. Mjini Budapest mwaka 2023 alitwaa dhahabu ya mita 1500 na ya mita 5000 katika mashindano mamoja. Mjini Paris mwaka 2024 alipata dhahabu ya tatu mfululizo ya Olimpiki katika mita 1500, pamoja na fedha ya mita 5000 nyuma ya Chebet. Mlango wa kushuka haukumfungukia sana: muda wake bora wa mita 800 ni dakika 1:57.68, mzuri kabisa, lakini hautoshi medali katika fainali kama ya Tokyo. Mfano wa mlango huo ni Mwingereza Georgia Hunter Bell, aliyepata shaba ya mita 1500 mjini Paris mwaka 2024 na mwaka uliofuata akapata fedha ya mita 800 za dunia. Miaka mingi kabla yake, Nancy Jebet Langat, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 2008, aliupita mlango huohuo kwa upande wa pili: aliingia katika mita 1500 akitokea mita 800.

Mita 1500 zina kasoro zake. Mikwaruzano ni mingi, kwa kuwa wote huanzia mstari mmoja na kugombea ukingo wa ndani, na binti mpole husukumwa nje akakimbia umbali mrefu kuliko wenzake. Zinadai pia uvumilivu wa mazoezi ya aina nyingi kwa wakati mmoja: mbio ndefu za asubuhi katika barabara za vumbi, marudio ya mita 400 na mita 200 uwanjani, na mazoezi ya nguvu. Kipyegon hufanya hayo chini ya kocha Patrick Sang katika kambi ya Kaptagat, na kambi ya namna hiyo haipatikani kila mahali. Kwa wanaoishi Kenya kuna jambo jingine: nchi huruhusiwa kupeleka wakimbiaji watatu kwa kila mbio katika Olimpiki, na wa nne katika mchujo wa taifa hubaki nyumbani hata kama angeweza kufika fainali. Tatizo hilo ni zito zaidi katika mita 5000 na mita 10,000. Kwa binti wa Tanzania, Uganda au Burundi msongamano huo si kikwazo. Kwake kikwazo ni muda wa kufuzu.

Njia ya tatu ni ya Obiri. Mwaka 2014 alikimbia mita 1500 kwa dakika 3:57.05 mjini Eugene, muda ambao ungemtosha mtu kubaki hapo miaka mingi. Alijifungua mwaka 2015, na aliporudi alipanda mita 5000: fedha ya Olimpiki mjini Rio, dhahabu ya dunia mjini London mwaka 2017 na mjini Doha mwaka 2019, na fedha nyingine ya Olimpiki mjini Tokyo. Mwaka 2019 alishinda pia mbio za nyika za dunia mjini Aarhus, Denmark. Kisha barabara. Marathoni yake ya kwanza, New York 2022, alimaliza wa sita, na waliodhani ni mtu wa uwanjani tu walipata la kusema. Mwaka uliofuata alishinda Boston na New York, mwaka 2024 akashinda tena Boston na kupata shaba ya Olimpiki mjini Paris, na mwaka 2025 akashinda New York kwa saa 2:19:51, akiifuta rekodi ya njia hiyo ambayo Margaret Okayo aliiweka mwaka 2003. Alikuwa na miaka 35. Kasi ya mita 1500 haikupotea njiani: mtazame katika maili ya mwisho ya marathoni zile, wenzake wamechoka wote, naye bado ana gia moja ya kuongeza.

Kinachosahaulika na wanaomtaja Obiri kama hoja ya kumpeleka binti barabarani mapema ni miaka. Kati ya shaba ya Moscow na ushindi wa kwanza wa marathoni ilipita takriban miaka kumi, akipanda hatua moja kwa wakati. Mtoto wa miaka 17 anayepelekwa kwenye mbio za barabarani kila mwisho wa wiki kwa ajili ya bahasha ya zawadi hafuati njia ya Obiri. Anauza mbegu.

Wapo pia ambao njia haikuwa ya kuchagua. Francine Niyonsaba wa Burundi alikuwa mshindi wa fedha wa mita 800 mjini Rio, lakini kanuni za mwaka 2019 kuhusu kiwango cha homoni kwa wanawake katika mbio za mita 400 hadi maili zilimlazimu kupanda. Alipanda vizuri kiasi cha kuvunja rekodi ya dunia ya mita 2000 mwaka 2021, kisha mwaka 2023 kanuni zikapanuliwa hadi mbio zote. Ushauri wowote kuhusu kuchagua masafa hauwahusu watu wa hali yake.

Kuhusu pesa, nitakuwa mfupi. Jelimo alipata kwa msimu mmoja kile ambacho wengi hawakipati maisha yao yote, lakini Ligi ya Dhahabu haipo tena. Dhahabu ya dunia hulipwa dola 70,000, na rekodi ya dunia katika mashindano hayo dola 100,000 zaidi; baada ya rekodi za Juni 2023, serikali ya Kenya ilimzawadia Kipyegon shilingi milioni 5 na nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 6. Mshindi wa Boston hupata dola 150,000 kwa asubuhi moja, ila mwili hauruhusu asubuhi za namna hiyo zaidi ya mbili au tatu kwa mwaka, ilhali mkimbiaji wa mita 1500 anaweza kushindana mara kumi. Fungu kubwa zaidi kwa wote ni mkataba wa kampuni ya viatu. Mzazi na ausome, hasa kifungu kinachosema malipo yatakuwaje mkimbiaji akipata ujauzito.

Na uzazi haumalizi mbio. Kipyegon alijifungua binti yake Juni 2018, akarudi uwanjani mwaka mmoja baadaye, na miezi michache baada ya kurudi alikimbia 3:54.22 mjini Doha na kupata fedha nyuma ya Sifan Hassan. Rekodi zake zote za dunia za mtu mmoja mmoja zimekuja baada ya uzazi. Odira alikuwa mama wa watoto wawili aliposhinda Tokyo. Katika hili njia zote tatu ziko sawa.

Kama ningeulizwa leo na mwalimu mwenye binti wa miaka 16 au 17, ningemwomba kwanza vipimo vitatu, vikichukuliwa kwa siku tofauti akiwa amepumzika: mita 400, mita 800 na mita 3000. Akiwa anawashinda hata wakimbiaji wa mita 400 wa wilaya yake, na mita 3000 zinamtesa, abaki katika mita 800 na asitolewe huko na mtu anayependa mbio ndefu. Akiwa wa kawaida katika mita 400 lakini anamaliza mita 3000 akiwa na kasi ya mwisho, ni mtu wa mita 1500, naye ashiriki nyika kila mwaka hadi apite miaka 20. Akiwa hana kasi ya mwisho kabisa ila hachoki, mita 5000 zitamfaa siku za usoni, lakini hata yeye ningemweka misimu miwili katika mita 1500 ili ajifunze kukimbia katikati ya watu. Vipimo virudiwe kila baada ya miezi sita na viandikwe katika daftari moja, pamoja na hali ya uwanja, kwa sababu sekunde 60 kwenye nyasi zilizolowa si sawa na sekunde 60 kwenye uwanja wa kisasa, na kocha wa pili atakayempokea binti huyo atalihitaji daftari hilo kuliko vikombe vyake.